Kituo Namba Nne, Mtaa wa Bondeni

Pembry, Georgia
11 Februari 1963

Mwanangu Verlene,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba baridi ya Chicago haijakumaliza. Sisi huku hatujambo. Shangazi yako Pearlie anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake hauumwi hata kidogo. Jumapili alimkosoa mchungaji kuanzia ibada ilipokwisha mpaka kwenye ngazi za kanisa. Otha Pettway anakusalimu sana. Bado ndiye dereva wetu na bado ndiye mpishi wetu. Maharage yake yana chumvi ya kutosha kuhifadhi mzoga, naye anaapa kwamba tatizo ni ndimi zetu.

Sasa nikupe habari yenyewe. Wiki hii mkuu wa zimamoto aliniita ofisini kwake, akaniambia nikae. Nilipoona amenipa kiti nikajua mambo yameharibika, maana tangu awe mkuu hajawahi kunipa kiti.

"Hosea," akasema (mimi na mvi zangu hizi, yeye mdogo kwangu, bado ni Hosea tu), "mahakama imeamua. Hakuna tena kituo cha weusi na vituo vya wazungu. Namba Nne inafungwa. Vijana wako watagawanywa kwenye vituo vingine."

"Na mimi?"

Akaanza kuzipanga kalamu zake mezani. "Hapo ndipo pagumu. Wewe ni kapteni mzuri, sikatai. Lakini nikimweka mweusi awaamrishe wazungu, wataniachia magari katikati ya barabara. Nimekutafutia meza hapa. Utakuwa unakagua makanisa na shule za kwenu. Cheo utabaki nacho."

"Nitakuwa kapteni wa nani?"

"Wa ukaguzi."

"Ukaguzi una watu wangapi?"

"Wewe."

Nikamuuliza, nikiikataa meza je? Akasema basi niingie Kituo Namba Moja kama askari wa kawaida, chini ya Dell Stroud. Huyo Stroud ningeweza kuwa baba yake.

Nikamuuliza pia, Bondeni kukiwaka moto nani atakuja? Akasema Namba Moja. Nikamwambia Namba Moja iko ng'ambo ya reli, na treni za mizigo husimama pale njiani kama ng'ombe aliyekataa kuondoka. Akasema nisijali, treni haikai sana.

Mwanangu, wewe ulikuwa mdogo wa kubebwa zilipoungua nyumba za Cotton Row. Magari ya mjini yalikuja mpaka relini yakasimama. Wale wazungu walikaa kwenye vidato vya kupandia vya magari yao wakitazama kama moto utavuka upande wao. Haukuvuka, basi wakarudi kwao. Marehemu mama yako alikuwa amesimama pale na wewe kifuani. Tuliiomba halmashauri kituo kwa miaka mingi, mpaka wakatupa kiwanja na gari bovu, wakasema jengeni wenyewe. Kila tofali la Namba Nne limepita kwenye mikono ya watu wa Bondeni. Mama yako aliwapikia waashi mpaka paa likaezekwa.

Wewe ndiye uliyesoma nyumbani humu. Niambie, ungekuwa mimi ungefanyaje?

Ni mimi baba yako,
Hosea Broadnax


Chicago
20 Februari 1963

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ambayo nimeyapata kwa wanafunzi wangu, wanaopiga chafya bila kuziba mdomo. Mpe Shangazi pole ya goti, na pole zaidi umpe mchungaji.

Baba, niliposoma barua yako niliruka! Nilimsomea mwalimu mwenzangu chumbani pale pale. Imekuja siku tuliyokuwa tunaiombea! Mwezi uliopita tuliandamana hapa kwenye theluji mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu ya jambo hili hili: kituo chao na kituo chetu, shule yao na shule yetu, bomba lao na bomba letu. Na sasa mahakama imewalazimisha hata Pembry, mji ambao sikuutegemea kabisa!

Najua unaipenda Namba Nne. Lakini tuseme kweli. Walikupa gari walilolitupa, mipira ya maji iliyotoboka, na mpaka usiouvuka. Miaka yote hiyo hukuruhusiwa kuzima moto kwenye nyumba ya mzungu hata ikiwa karibu na kituo chako. Lile lilikuwa zizi, Baba. Mlilijenga vizuri, mkalipaka rangi, lakini lilikuwa zizi, na wao ndio walioshika ufunguo. Zizi likivunjwa watu husherehekea.

Hiyo meza ikatae, na hilo la askari wa kawaida likatae pia. Umefanya kazi vya kutosha. Staafu uje huku. Nina chumba cha ziada kinachopata jua asubuhi, na kuna kanisa la watu wa Georgia ambako utawakuta hata watu waliomjua babu.

Binti yako akupendaye,
Verlene


Pembry, Georgia
2 Machi 1963

Verlene,

Barua yako nimeipata. Hatujambo.

Jana tulishusha bendera. Otha aliikunja, akanipa.

Nimeamua kwenda Namba Moja kama askari wa kawaida. Otha na Ruel Gaines wamepangiwa huko, nami sitawaacha waingie peke yao kwenye nyumba ile huku mimi nimekaa kwenye meza nikihesabu viti vya makanisa.

Chumba chako nashukuru.

Miaka kumi na minne nimelala kwenye hilo zizi lako. Watoto waliotolewa motoni na watu wa zizi hilo leo wana watoto wao.

Baba yako


Chicago
15 Machi 1963

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Nisamehe lile neno. Niliandika nikiwa na furaha, na mtu mwenye furaha hatazami anapokanyaga. Nilikuwa nawasema waliotujengea mpaka. Wewe sikukusema. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ndani, basi jiwe limekupiga wewe.

Niambie Namba Moja wanakupokeaje. Unakula? Unalala? Kifua chako hakipendi unyevu, usiwakubalie wakulaze karibu na dirisha.

Binti yako,
Verlene


Chicago
9 Juni 1963

Baba,

Shikamoo. Hii ni ya tatu bila jibu. Ile ya pasaka sijui kama uliipata.

Shangazi Pearlie ameniandikia. Anasema umekonda, na kwamba ukitoka kazini unapita Namba Nne, unasimama mbele ya mlango uliofungwa, halafu ndipo unakwenda nyumbani. Anasema kanisani ukiulizwa habari za kazi unajibu "Namshukuru Mungu" na kubadilisha mazungumzo.

Kama bado umekasirika, andika kwamba umekasirika. Nitukane hata. Karatasi tupu ndiyo siiwezi.

Verlene wako


Pembry, Georgia
30 Juni 1963

Mwanangu Verlene,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kifua kiko sawa. Sikukasirika. Kwanza nilikasirika, hilo kweli, lakini ikapita. Kilichonizuia kuandika ni kwamba kila nikishika kalamu nilijiona nakwenda kukulalamikia, na baba hapendi kulalamika kwa mwanawe. Lakini umesema nikutukane, na kwa kuwa sina tusi, nitakueleza.

Siku ya kwanza tulipoingia Namba Moja, jikoni tulikuta sahani tatu zimepakwa rangi nyekundu ukingoni. Otha akauliza, "Hizi za nani?" Mtu mmoja, Lonnie Skaggs, akajibu bila kugeuka, "Zenu. Ili tusichanganye." Otha akaitazama ile sahani, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Kapteni, angalia, wametupa sahani za sikukuu." Ruel akacheka. Mimi nikacheka. Hawakujua la kufanya na kicheko kile.

Vitanda vyetu viko karibu na choo. Wanaponipa kazi wananiita mjomba, ingawa sina dada aliyeolewa kwao. Otha na Ruel wanaitwa boi, na Ruel ana wajukuu. Tukiingia chumbani mazungumzo yanakatika kama redio iliyozimwa. Siku ya zamu ya Otha kupika, alipika kuku wa kukaanga, mchuzi na mikate ya moto, na safari hii chumvi ilikaa sawa maana alikuwa ameapa kuwaonyesha. Harufu ilijaa nyumba nzima. Wazungu wote wakatoka nje wakala biskuti za kopo wamesimama. Tulikula sisi watatu. Otha alikula kwa kelele, anasifia kila kipande, lakini nilimwona macho yake.

Stroud si mtu mbaya. Ni mwoga. Anajua lililo sawa, anatazama chini. Siku moja tulikuwa peke yetu kwenye gari akaniambia, "Broadnax, natamani mambo yangekuwa tofauti." Nikamwambia, "Kapteni, wewe ndiye mwenye filimbi." Akageuka kutazama dirishani.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikutaka kukwambia. Kwa upande mmoja ulisema kweli. Namba Moja wana ngazi zinazofika paa la hoteli. Wana vinyago vya kupumulia ndani ya moshi. Viatu vyao havivuji. Nilishika mpira wao wa maji, mpya, mzito, bila kiraka hata kimoja, nikakumbuka jinsi nilivyowafundisha vijana wangu kushona viraka na kujivunia viraka hivyo. Mzee Amos wetu, ambaye kifua chake kiliharibika kwa moshi mpaka kikamuua, angevaa kinyago kama hiki labda angekuwepo leo. Nilikaa kwenye kidato cha gari nikajawa na hasira ambayo miaka yote sikuwahi kuiruhusu. Tulipewa makombo, nami nikayaita karamu ili vijana wangu wapate kula.

Lakini Verlene, ndani ya Namba Nne nilikuwa mtu. Hilo nalo ni kweli, na sijui namna ya kuliweka karibu na lile la kwanza. Yote mawili yako ndani yangu, hayasalimiani.

Baba yako,
Hosea


Chicago
14 Julai 1963

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za nje kwa sababu ndani kuna joto, na jirani akadhani nimepata habari ya msiba kwa jinsi nilivyolia.

Usiyalazimishe hayo mawili yasalimiane. Yaache yakae. Mimi huku ninafundisha katika shule ambayo kwa sheria si ya weusi, lakini wanafunzi wote ni weusi, paa linavuja, na vitabu vina majina ya watoto wa kizungu walioviacha. Nami nawaambia wanangu darasa letu ni bora kuliko yote. Kumbe nami nashona viraka. Nilikuona wewe tu kwa sababu uko mbali.

Msalimie Otha. Mwambie nikija nitakula kuku wake kwenye sahani nyekundu.

Binti yako,
Verlene


Pembry, Georgia
8 Septemba 1963

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Usishtuke, ni kuungua kwa juu juu, kutapona. Shangazi yako yuko hapa, ananilisha kama mtoto. Lakini kaa chini kabla hujaendelea.

Bi Lovie Tarver amefariki. Najua ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, na ndiye aliyekufundisha kushona. Mungu amlaze pema.

Ilikuwa Jumatatu baada ya chakula cha mchana, siku ya kufua. Moto ulianzia kwenye jiko la nyuma la nyumba iliyopakana na yake. Kengele ililia Namba Moja tukaondoka mara ile ile, Otha kwenye usukani, king'ora kinalia. Tulipofika relini, treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Kulia mabehewa, kushoto mabehewa, huoni mwanzo wala mwisho. Juu ya mabehewa tukaona moshi mweusi.

Otha akapiga honi mpaka nikadhani itapasuka. Hakuna kitu. Nikamwambia Stroud, "Kapteni, tupite chini kwa miguu."

"Amri ni kutoliacha gari," akasema.

"Gari haliungui. Watu ndio wanaungua."

"Treni ikiondoka na ninyi mko chini?"

Nikamtazama. Nilijikuta nipo tena pale pale pa miaka ile ya Cotton Row, ila safari hii nilikuwa upande wa wanaotazama, nimevaa kofia yao. Nikaruka chini. Nikachukua shoka. Ruel akanifuata. Otha akawa anamtazama Stroud, Stroud anatazama usukani, basi Otha naye akashuka. Tukapita chini ya behewa kwa matumbo.

Nilipotokea upande wa pili nikasikia mtu anatukana nyuma yangu. Nageuka, ni Lonnie Skaggs, anatambaa kwenye kokoto. Akasimama, akajifuta magoti. "Sikuja kwa ajili yenu," akasema. "Nimekuja kwa sababu ni moto."

"Hiyo inatosha," nikamwambia. "Kimbia."

Namba Nne iko kwenye kona ile, wajua. Gari walishalichukua, lakini mipira ya zamani ilikuwa bado inaning'inia kwenye mnara wa kuikaushia, ile niliyoishona. Mlango ulikuwa na kufuli la jiji. Nilivunja mlango kwa shoka. Wanawake waliokuwa wakifua, kinyozi na wateja wake wenye sabuni shavuni, wote walitusaidia kuburuta mipira mpaka kwenye bomba la zimamoto la mtaani. Maji yakaja, bila nguvu ya gari, lakini yakaja.

Wakaniambia Bi Lovie hajatoka. Skaggs akanishikia mpira, akanielekezea maji mgongoni, nikaingia. Nilimkuta amekaa chini karibu na kitanda kama mtu anayepumzika. Sikuwa na kinyago. Vinyago vilikuwa kwenye gari ng'ambo ya reli. Nilimtoa. Alikuwa bado anapumua nilipomlaza kwenye baraza ya kinyozi. Alinitambua. Akasema, "Corine amekuja na wewe?" Nikamwambia ndiyo, Corine yupo. Kwa uongo huo juu ya marehemu mama yako, Mungu atanisamehe. Akafa amenishika kidole.

Nyumba tatu zimekwisha. Mtaa uliobaki tuliuokoa. Treni ilipoondoka hatimaye, gari likaja, analiendesha Stroud mwenyewe, na kazi iliyobaki ilikuwa ya majivu. Akaja mpaka barazani, akamwona Bi Lovie. Alivua kofia yake.

Jana mkuu ameniletea barua. Nimesimamishwa kazi kwa kuliacha gari, kwa kutotii amri, na kwa kuvunja mali ya jiji. Nitaitwa mbele ya halmashauri mwezi ujao. Otha na Ruel wamepewa onyo. Skaggs hawakumtaja popote.

Usiwe na wasiwasi.

Baba yako,
Hosea


Chicago
13 Septemba 1963

Baba,

Shikamoo, na pole sana, pole kwa mkono, pole kwa Bi Lovie. Nimelia, nimeshamaliza.

Usiniambie nisiwe na wasiwasi. Nimeomba ruhusa shuleni, nimekataliwa, nimeomba tena, wamenipa. Siku ya kikao nitakuwepo. Mwambie Shangazi anitandikie kitanda, na asimpe mtu mwingine chumba changu.

Verlene


Chicago
3 Novemba 1963

Baba yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa treni ilichelewa na nilikula kuku wote wa Otha kabla ya kutoka Georgia. Mkono unaendeleaje? Usiutumie kubeba kuni, namjua Shangazi atakuruhusu.

Nisamehe kwa kuondoka mbio bila kuzungumza. Sasa nikwambie ulichokikosa, maana walikutoa nje ya chumba walipoanza kujadiliana, nasi watu wa Bondeni tukabaki kwenye mabenchi ya nyuma tumebanana kama njiti za kiberiti.

Kwanza, hukuniona uso ulipokuwa unajibu. Yule mwenye miwani alipokuuliza, "Nani alikupa ruhusa ya kuvunja mlango wa jiji?" nawe ukajibu, "Mlininyang'anya ufunguo, bwana, na moto haukutaka kusubiri nije kuuomba," Shangazi Pearlie alinibana paja mpaka leo nina alama. Walipokupa ile karatasi, kwamba ukisaini kuwa ulichanganyikiwa kwa moshi watakurudisha kazini kimya kimya, nilikuomba moyoni usaini. Kweli, Baba. Nilitaka yaishe tuondoke. Wewe ukairudisha, ukasema, "Sikuchanganyikiwa. Sijawahi kuona vizuri kama siku ile." Niliona haya kwa ombi langu.

Ulipotoka, mkuu wa zimamoto alisema wewe ni mtu wa kujiamulia na kwamba wenzako wakikuiga hakutakuwa na nidhamu. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nikajua imekwisha. Ndipo Stroud akasimama bila kuitwa. Baba, alikuwa ameshika karatasi aliyoiandika. Mwisho akaikunja akaitia mfukoni.

Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa na amri siku ile. Niliifuata. Nilikaa kwenye gari la jiji, na vinyago vipya na ngazi mpya, nikatazama moshi. Broadnax alikwenda na shoka na mipira mibovu. Mkimfukuza yeye kwa kuvunja mlango, nauliza mtanifanya nini mimi ambaye sikuvunja kitu."

Mkuu akamwambia, "Kaa chini, Dell."

Akajibu, "Nimekaa sana."

Halafu akawaambia kuhusu treni, mara ngapi husimama pale, na kwamba wewe ulimwonya mkuu tangu Februari. Mkuu akawa mwekundu. Bwana mwenye miwani akauliza kama ni kweli. Na yule mkuu, sikutegemea, akasema ni kweli.

Hukumu unaijua: wamekuacha na karipio na kusimamishwa mpaka mwaka mpya, na Namba Nne itafunguliwa tena, safari hii ya watu wote. Nilipiga kelele ya furaha, nikatolewa nje.

Nilipokuwa nasubiri treni nilikwenda mpaka Namba Nne. Mlango umefungwa kwa mbao pale ulipoupasua. Nilisimama pale unaposimama wewe. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi jambo kubwa, lakini nilimwona tu Mama na sufuria yake, anawagombeza waashi wasikanyage saruji mbichi. Nikacheka peke yangu barabarani.

Sasa watakupa ukapteni?

Binti yako,
Verlene


Pembry, Georgia
17 Mei 1964

Mwanangu mpenzi Verlene,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi ni mzima. Mkono umepona, ila vidole viwili havikunji vizuri, na daktari wa jiji anasema kifua hakitaki moshi tena. Shangazi yako amepata mafuta mapya ya goti na anamtangazia kila mtu kanisani kama injili.

Jana wamefungua Namba Nne. Ukapteni hawakunipa, nami sikuuomba. Baada ya maneno ya daktari nimestaafu rasmi. Kapteni ni Stroud. Alijiombea mwenyewe aje Bondeni, na mke wake, nasikia, alihama chumba kwa wiki nzima. Otha ni luteni. Ni luteni wa kwanza mweusi Pembry kuwa na wazungu chini yake, na amebadilika mwendo, anatembea kama aliyemeza fimbo. Wazungu wawili walikataa kuhamia, wakaacha kazi. Wengine wamekuja. Mmoja anaitwa Purvis, hajui kupika hata chai, na sahani zote jikoni ni nyeupe. Skaggs amebaki Namba Moja. Nilikutana naye dukani, akanisalimia, "Broadnax." Nikamjibu, "Skaggs." Tukapishana.

Walinialika kwenye sherehe, wakanipa kiti cha mbele karibu na meya. Bondeni yote ilikuwepo, na wazungu kadhaa wamesimama kando kando kama watu waliokuja kwenye harusi ya mtu wasiyemjua. Meya alikuwa na hotuba ndefu. Alikuwa amefika kwenye ushirikiano na maendeleo, akawa anafungua ukurasa mwingine, kengele ikalia.

Verlene, hakuna aliyeaga. Viti vikaanguka. Otha akaruka kwenye usukani, akiwa bado na sare ya sherehe, Stroud pembeni yake. Purvis alikuwa amechelewa, gari limeshaanza kuondoka, nikamwona Ruel Gaines amening'inia nyuma ananyoosha mkono, akamvuta kwa kola kama anavyovutwa paka. Meya akabaki ameshika karatasi yake, mdomo wazi.

Gari lilipofika kwenye kona, nilingoja ligeuke kulia, kuingia ndani ya Bondeni. Likageuka kushoto, likavuka reli, likapanda kilima kuelekea kwa wazungu. Miaka yangu yote ndani ya nyumba ile, gari halikuwahi kugeuka kushoto. Watu wote barabarani wakageuka. Tukasikiliza king'ora kinapanda kilima mpaka kikapotea. Shangazi yako akasema, "Haya, na wajue sasa kinavyolia."

Mimi nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Miguu ilikuwa imeshakimbia hatua kadhaa kuelekea garini, na koti langu la Jumapili nimelifungua vifungo. Watu waliona. Nikafunga vifungo.

Meya akauliza kama tuendelee na hotuba. Watu walikuwa wameshaanza kwenda kwenye meza ya chakula. Mimi niliingia ndani. Milango mikubwa ilikuwa wazi na upepo unaingiza vumbi, nikaivuta, nikaifunga, kwa sababu mtu anayebaki ndiye hufunga. Halafu nikakaa kwenye benchi nikawasubiri. Kumbe lililowaka lilikuwa ghala la mwenye duka la viatu, moto mdogo, waliuzima haraka. Nilisikia gari linarudi taratibu, nikawafungulia.

Nikawatazama wanavyoshuka, mmoja mmoja, na masizi usoni. Walikuwa wamerudi wote.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Hosea Broadnax